Netwaki ya Njukini

Siku Elsie Wakesho alipokutana na Sylus hakusikia neno lake hata moja, na masikio yake hayakuwa na kosa. Kosa lilikuwa la spika nne zilizopangwa juu ya lori katikati ya soko la Voi, zikiwatangazia watu kwamba laini zao ni za kizamani, waje wabadilishiwe bure wapewe za 4G. Muziki ulipigwa mpaka nyanya zikatikisika mezani. Ilikuwa saa tano, jua la Voi halimwonei mtu haya, na foleni ilikuwa imejikunja mara mbili kulizunguka lori.

Elsie alikuwa fundi wa nguo mwenye kibanda chake nyuma ya soko, na siku hiyo alikuwa amevaa tangazo la kazi yake mwenyewe: gauni la kitenge la manjano, limembana kiunoni na kumwachia chini. Mbele yake alisimama mwanamume mrefu mwenye shati la buluu lililonyooshwa likanyooka, na gambuti zenye tope kavu mpaka magotini. Pasi juu, tope chini. Fundi akimtazama mtu humtazama kwa futi, na Elsie alikuwa keshayapima mabega kabla hajauona uso.

Yule mwanamume akageuka, akamkuta yumo kazini.

"Hii foleni inasonga kweli?" Elsie alipayuka ili kuficha aibu.

Mwanamume akagusa sikio lake kuonyesha hasikii, akatabasamu, akatoa simu, akaandika, akamgeuzia kioo asome. *Haisongi. Lakini mimi sina haraka tena.*

Elsie akacheka, akatoa yake. *Umetoka wapi na hizo gambuti?*

*Njukini. Nimeleta ndizi. Wanunuzi siku hizi wanataka picha kwanza, na laini yangu ya zamani inatuma picha moja siku mbili.*

*Na shati amekupigia pasi nani?*

*Mimi.*

*Huna mke?*

*Sina. Unauliza kama fundi ama kama jirani wa foleni?*

*Kama fundi. Kola yako imelegea.*

Waliongea hivyo saa nzima, vioo vikipishana, na watu wa nyuma wakiwasukuma kila foleni iliposogea. Walipoachana Elsie alikuwa na namba yake na jina lake, Sylus. Ni jioni tu, akikunja vitambaa, ndipo Elsie alipokumbuka kwamba hajui hata sauti ya mtu huyo ikoje.

Aliijua kesho yake. Ujumbe wa sauti uliingia akiwa anapinda sketi ya shule. "Fundi wa gauni la manjano," sauti ilisema, nzito na ya taratibu, "ni mimi wa gambuti. Ndizi zimeisha. Nimebaki mimi tu." Elsie aliusikiliza mara sita. Pauline, rafiki yake aliyeuza vifuniko vya simu kibanda cha pili, alihesabu.

"Dada, hiyo sauti ni ya kwaya, si ya kuuza ndizi," Pauline alisema. "Ukimkataa huyo, mimi niko hapa."

"Wewe kaa na vifuniko vyako."

Basi mapenzi yakaanza, na yakawa mapenzi ya simu, maana kutoka Voi mpaka Njukini, kule Taveta, si pua na mdomo. Sylus alilima kwa maji ya mfereji, na maji ya mfereji hugawanywa kwa zamu. Ukikosa zamu yako unangoja wiki nzima, na mgomba hauelewi habari za mapenzi. Elsie naye alikuwa na sare za shule mpaka shingoni. Walipigiana saa saba mchana, yeye akila kibandani na Sylus akipumzika migombani, na walipigiana kwa njia ya mtandao kwa sababu bando ya wiki iliwaruhusu kuongea mpaka betri ziombe radhi.

Tatizo lilikuwa moja tu, nalo ni netwaki ya Njukini.

"Malkia, umekula?"

"Nimekula wali na maharagwe. Wewe?"

"Mimi nime..." Kimya.

"Haloo? Sylus?"

Kimya.

"Umekatika, wangu. Umekula nini, ugali?"

"Ugali." Sauti imerudi. "Hii netwaki ya Njukini itanimaliza."

Siku nyingine neno moja lilirudi mara tano, ma-ma-ma-maji, na siku nyingine simu ilizima katikati ya sentensi, kisha ikaita tena baada ya dakika moja. Elsie alizoea. Alijifunza kuukisia mwisho wa sentensi zake na kummalizia, na mara nyingi alipatia, mpaka akaamini kwamba huko ndiko kupendana: kujua mwenzako anataka kusema nini kabla hajasema. Jumbe za sauti za Sylus zilifika safi, hazina hata mkwaruzo mmoja, na Elsie hakujiuliza kwa nini mtandao uwe mbovu kwa simu ukawa mzima kwa ujumbe. Mtu akipenda haulizi maswali ya namna hiyo. Siku moja alipandwa na hasira kwa niaba ya mpenzi wake, akapiga simu huduma kwa wateja.

"Watu wa Njukini si watu?" alimuuliza msichana aliyepokea. "Mtu anakwambia anakupenda, inafika nusu! Nusu mimi nitaipeleka wapi?"

"Pole sana mteja wetu. Tunaboresha minara ya Taveta na maeneo jirani. Kuna lingine?"

"Mkimaliza hilo hakutakuwa na lingine."

Jioni alimsimulia Sylus kwa majivuno. Sylus alinyamaza muda mrefu hata Elsie akadhani amekatika tena. "Usiwasumbue," alisema mwishowe. "Tumezoea."

Ilipofika Julai, miezi minne tangu ile foleni, Elsie alimwambia mama yake kule Werugha kwamba yuko mtu. Mama hakupoteza muda, akampigia kaka yake Zephaniah, aliyekuwa mlinzi huko Doha. Kwa ukoo wao msichana haposwi mpaka mjomba, kaka wa mama, amuulize kijana mbele ya wazee amekuja kufuata nini, na kijana ajibu kwa kinywa chake. Baba yake wala mshenga hamjibii. Zamani ingebidi mjomba angojewe mpaka likizo, miaka miwili. Siku hizi simu inaegemezwa kwenye chupa ya chai, na mjomba anahudhuria kutoka Uarabuni akiwa na sare yake ya kazi.

Mjomba Zephaniah alikuwa na kauli yake moja: mtu akikawia kujibu, anatunga. Mwaka uliotangulia, kijana aliyekuja kumposa binamu yake Elsie alikohoa mara mbili akatazama dari. Mjomba alikata simu na uchumba ukaishia hapo. Elsie alimsimulia Sylus kisa hicho akicheka, lakini Sylus hakucheka.

Jumanne moja Pauline alikuja mbio na simu mkononi. "Njukini wamewashiwa mnara! Kuna mama wa mahindi ni mteja wangu, amenipigia video sasa hivi. Namwona yeye na kuku wake wote!"

Elsie alijiona kana kwamba mnara ule ameusimika yeye kwa mikono yake. Alijipaka mafuta midomo, akafunga kilemba kipya cha zambarau, na saa saba akampigia Sylus video. Sylus akapokea. Picha ilikuwa safi kupita alivyotegemea: aliliona kovu dogo juu ya nyusi, jasho shingoni, majani ya migomba yakipepea nyuma yake. Hata maji ya mfereji aliyasikia.

"Kumbe uko hivi, ukawa unajificha?"

Sylus akacheka. "Wewe ndio umezidi."

"Sasa nisikilize, leo hakuna visingizio. Mama ametaja siku. Jumamosi ya wiki ijayo, saa nane, na mjomba atakuwa kwa simu. Utakuja?"

Sylus akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Midomo ilibana, taya likaenda upande, macho akayafumba, kisha akayageuza pembeni, upande ambao Elsie hakuweza kuuona. Majani yakaendelea kupepea, maji yakaendelea kulia. Picha haikuganda hata kidogo. Halafu kioo kikawa cheusi.

Baada ya dakika moja ukaja ujumbe wa maandishi. *Pole malkia. Netwaki.*

Elsie aliusoma amesimama, mkasi mkononi.

"Ametazama pembeni," alimwambia Pauline. "Kuna mtu pale."

"Mtu gani?"

"Mtu ambaye lazima umtazame ukiulizwa kama utaoa."

"Elsie, usikimbilie huko. Labda netwaki kweli." Na ili amtulize, Pauline akampigia video yule mama wa mahindi. Mama akatokea safi kabisa, akawaonyesha mahindi yake gunia kwa gunia, akawauliza Voi kunaendaje. Pauline alikuwa amekuja kuzima moto na ndoo ya mafuta ya taa.

"Njia ya mwongo fupi," Elsie alisema, akarudi kwenye cherehani.

Iliuma. Hata akishona alizisikia simu zote za miezi minne, na sasa kila moja ilikuwa na maelezo mapya. Siku ile nakupenda ilipokatikia katikati, kumbe mke alikuwa akipita na sufuria. Siku ile simu ilipozima na kurudi, kumbe mke alikuwa ameuliza unaongea na nani. Hakupokea simu za Sylus siku nane. Jumbe saba za sauti ziliingia, hakufungua hata mmoja, kwa kuwa aliijua ile sauti na alijua atalegea.

Siku ya tisa, Alhamisi, alipiga mama. "Mwanangu, wageni wa Jumamosi ni wangapi? Nichinje kuku wawili ama watatu?"

Elsie akakawia kujibu. "Nitakwambia kesho, mama," alisema, akakata, akafunga kibanda.

"Wapi sasa?" Pauline aliuliza.

"Njukini. Nikamwone huyo mke, nimsalimie, nirudi nishone."

"Basi kabadilishe nguo. Vaa lile gauni la manjano."

"Naenda kugombana, Pauline!"

"Ndio maana. Ukigombana na mume wa mtu, gombana umependeza."

Saa saba alikuwa Taveta, penye vumbi, ndizi, na watu wanaovuka mpaka kwenda na kutoka Holili na mizigo yao kichwani. Alimchagua mwendesha boda mtu mzima, aliyejitambulisha kwa jina la Griffin, mwenye jaketi la kijani lililofumuka kwapani.

"Nipeleke Njukini kwa Sylus."

"Sylus yupi? Kuna Sylus mwalimu, kuna Sylus wa posho mill..."

"Anayelima ndizi. Mrefu."

"Aaa! Sylus Kigugumizi! Si ungesema hivyo. Panda."

Elsie hakupanda. "Sylus nani?"

"Kigugumizi. Maneno yanamkwama, tangu mtoto. Akiimba kanisani hana shida, akiongea na ng'ombe wake hana shida. Lakini muulize swali la ghafla, basi. Anafumba macho, anageuka hivi..." Griffin akafumba macho na kugeuza taya, na Elsie akaiona ile video upya, kila kitu, mpaka majani. "Wewe ni nani wake, dada?"

"Bado sijajua. Ana mke?"

"Mke? Nani atamngoja mpaka amalize kutongoza?" Griffin akacheka peke yake, kisha akaona uso wa abiria wake. "Samahani. Ni mtu mzuri sana yule. Ni vile tu usimkimbize."

Njia nzima upepo ulimpiga Elsie na machozi yakamtoka, na hakujua ni ya upepo, ya furaha au ya hasira. Hakukuwa na mke. Hakukuwa na netwaki mbaya pia, au ilikuwepo ila haikuwa na makosa yote aliyoibebesha. Alimkumbuka yule msichana wa huduma kwa wateja aliyemfokea bure. Alikumbuka pia sentensi zote alizommalizia Sylus, na kwa mara ya kwanza akajiuliza ni ngapi alizimalizia vibaya, na mtu wa watu akakubali tu ugali ilhali alikula viazi.

Alimkuta mferejini, gambuti ndani ya maji, akifungua njia kwa jembe. Sylus aliinua macho, akaliona gauni la manjano kati ya migomba, na jembe likamponyoka.

"E..." alianza. Taya likaenda upande. Macho yakafumba.

Elsie alikuwa na maneno tele aliyoyapanga njiani tangu Mwatate. Ulimi ulimwasha ammalizie, maana alijua kabisa jina linalotafutwa ni lake. Akauma meno.

"Sema," alimwambia. "Mimi nipo."

"E-E-Elsie." Sylus akafungua macho. Alikuwa amelowa jasho. "U-umeambiwa na nani?"

"Boda wa kwanza niliyepanda! Taveta nzima inajua, Njukini nzima inajua, ni mimi tu mjinga wa Voi! Nimegombana na kampuni ya watu kwa ajili yako, Sylus. Nimewaambia nakupenda yako inafika nusu!"

Sylus alitaka kucheka akashindwa. Akaketi ukingoni mwa mfereji, naye Elsie, kwa hasira zake zote, akaketi karibu, gauni akilikusanya lisishike tope.

"Na zile voisi? Mbona hazikatiki?"

"Na-narekodi upya. Ile ya kwanza niliirekodi mara kumi na moja."

"Kwa nini hukuniambia?"

Jibu lilichukua muda. Lilikwama, likarudi nyuma, likaanza upya, na Elsie akalingoja lote. "Kwa sababu kwa simu ile mbovu tulikuwa sawa," Sylus alisema. "Mimi nakatika, wewe unakatika. Wewe pia ulikuwa na k-kigugumizi, hujui tu. Mtu akiniona uso nikiongea, anaangalia chini, ama anacheka, ama ananihurumia. Wewe ulilaumu netwaki. Nikasema acha ailaumu kidogo, anipende kwanza. Halafu wakaleta huo mnara."

"Niliuleta mimi," Elsie alisema, na wote wawili wakacheka kweli, mpaka ng'ombe aliyefungwa migombani akageuza kichwa.

Kisha Sylus akawa mzito tena. "Jumamosi siwezi. Nitakuja, nitakaa, nitasalimia wazee. Lakini mjomba wako akiniuliza, nitakwama, na yeye anasema anayekawia anatunga. Atakata simu. Nitakukosa kwa sekunde kumi."

Elsie alimjua mjomba, na alijua mama yake hatavuka neno la kaka yake. Ndipo Sylus akatoa wazo lake, na alilitoa bila kukwama hata mara moja, maana alikuwa amelifikiria siku nane.

"Mjomba yuko Doha, ataniona kwa simu tu. Nikikwama, wewe chukua simu utoke nje. Sema ni netwaki. Ukirudi nitakuwa nimelipata neno."

Elsie alijua ni uongo, na ni uongo uleule uliomliza siku nane. Lakini alimtazama pale alivyoketi, mabega yale mapana yamekunjika, akaona hawezi kumpoteza mtu kwa ajili ya kauli ya mjomba.

"Sawa," alisema. "Nikikuona umefumba macho, natoka na simu."

Jumamosi kulikuwa na ukungu Werugha, na sebule ya Mama Elsie ilinukia kuku na moshi wa kuni. Wazee watatu wa ukoo walikaa ukutani na makoti yao. Sylus alikaa katikati na suti ya kijivu iliyokaguliwa kola na Elsie mwenyewe. Aliyemsindikiza, baba yake mdogo Silvanus, alikaa kando yake. Salamu zilikuwa zimemkwama Sylus kidogo mlangoni, mama akamtupia binti yake jicho. Saa nane kamili simu ikaegemezwa kwenye chupa ya chai, na mjomba Zephaniah akatokea kutoka Doha, sare ya kazi imefungwa vifungo mpaka shingoni, safi kana kwamba amekuja kwa mguu.

"Mnanipata?"

"Tunakupata vizuri, kaka," mama alisema.

Aliwasalimia wazee mmoja mmoja, akamsalimia Silvanus, akauliza habari za mvua ya Taveta. Kisha akasogeza uso karibu na simu.

"Kijana. Umeingia nyumba ya dada yangu. Umekuja kufuata nini?"

Sylus akafungua mdomo. Midomo ikabana. Taya likaenda upande, macho yakafumba. Mzee mmoja akatazama viatu vyake. Silvanus akaanza kupanua mdomo amsaidie, akakumbuka mila, akaufunga.

"Haloo?" mjomba alisema. "Mmeganda huko. Kijana namwona ameganda. Elsie! Hiyo simu yako, hebu sogea nje upate netwaki."

Hata kuusema uongo haikubidi. Mjomba mwenyewe alikuwa ameutengeneza, akauweka mezani, bado kuuchukua tu. Elsie akainuka. Mkono wake ulikuwa umeifikia simu Sylus alipofungua macho na kumshika kifundo cha mkono, taratibu, mbele ya wazee wote.

"Ke-keti," alimwambia. Kisha akaitazama simu. "Si netwaki, mjomba. N-ni mimi. Nina kigugumizi."

Elsie akaketi. Mama alikuwa amekamata ncha ya leso yake kwa mikono miwili. Kule Doha mjomba akakunja uso, na kwa vile picha ilikuwa safi, kila mtu sebuleni alimwona jinsi anavyofikiri.

"Kigugumizi," mjomba alirudia. "Mimi nimezoea kusema mtu akikawia anatunga."

"N-najua, mjomba. Nimeambiwa."

"Umeambiwa, na nilikuwa nimeshakupa njia ya kutokea. Mbona hukutokea?"

Hilo nalo lilikuwa swali la ghafla, na lilimkwama Sylus kuliko la kwanza. Alifumba macho. Ulimi ulimwasha Elsie tena, na safari hii jibu hakulijua. "K-kwa sababu," Sylus alisema, "n-nitakuwa mkwe wako miaka mingi. N-netwaki haitakuwa mbaya miaka yote."

Mzee mmoja akaguna kwa kuridhika, kisha akajikohoza kuficha. Mjomba Zephaniah akaivua kofia yake ya kazi, akaiweka pembeni, akaegemea nyuma kwenye kiti.

"Basi tuanze upya, baba," alisema. "Bando yangu ni ya mwezi mzima. Umekuja kufuata nini?"

Ilichukua karibu dakika mbili. Neno la kwanza lilikwama, la pili likapita, jina likarudi nyuma mara nne. Hakuna aliyetazama chini. Elsie aliketi na mikono mapajani, hakummalizia hata herufi, mpaka sentensi ikatoka yote: amekuja kumfuata Elsie Wakesho, anampenda, na akipewa atamwoa.

"Nimesikia," mjomba alisema. "Kila neno."